Siku Ruta ya Handeni Ilipojifungulia Njia ya Pili

Kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu niliamini kwamba sauti huchoka kupanda mlima. Msicheke bado. Niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba jina langu ni Mhina na kwamba ugali wa dona ndio uliojenga mgongo huu. Jambo hilo niliambiwa asubuhi ya siku yangu ya kwanza kazini, mjini Korogwe, na aliyeniambia alikuwa Msimamizi wa Laini, mtu mwenye kofia ngumu na masharubu yaliyochongoka huku na huku. Mtu wa namna hiyo akikwambia kitu, hubishi. Unakiandika.

Nilikuwa nimeripoti saa moja kamili, nimevaa suruali ya mjomba iliyofungwa kwa kamba. Kabla sijaonyeshwa pa kuweka kibahasha changu cha vitumbua, simu ya mezani ililia. Msimamizi akaipokea, na sauti iliyotoka mle ndani nadhani ilisikika hadi stesheni ya reli. Alikuwa karani mmoja wa chai kule Dindira, juu milimani. Alipomaliza, Msimamizi akaweka mkono wa simu chini na kunitazama.

"Umesikia anavyopiga kelele?"

"Nimesikia, mzee."

"Unajua kwa nini?"

"Labda ana hasira, mzee."

"Hana hasira. Yuko juu. Sauti yake ikishuka huku inakuja yenyewe, kama maji ya mfereji. Ya kwetu kumfikia inapanda, inachoka njiani. Sasa yeye akitusikia kwa shida, anadhani na sisi hatumsikii. Ndiyo maana anapiga kelele."

Mafundi wanne waliokuwa pale walitikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyecheka hata kwa jicho. Baadaye nikagundua kwamba habari hiyo Korogwe nzima inaijua: muuza kahawa, mshona viatu, hata mke wa Msimamizi. Nami, kijana wa Kizigua niliyetoka shamba, niliona nimepewa siri ya kwanza ya ufundi.

Basi nikaanza kazi ya laini. Wakati ule simu zilisafiri kwa nyaya za shaba juu ya nguzo za miti, na fundi wa laini alikuwa nusu fundi, nusu mtembeaji. Tulifunga vyuma vya kupandia miguuni, mkanda kiunoni, na juu tukaenda. Ninaweza kusema bila aibu kwamba nimepanda nguzo nyingi kuliko ambavyo kima wote wa Usambara wamepanda miti. Makuyuni niliijua kwa nguzo. Kwashemshi niliijua kwa migomba, kwa sababu kule jani la mgomba likilowa na kuegemea waya, mazungumzo ya watu wawili yanajaa mikwaruzo kama wanakaanga samaki. Nilipokwenda Dindira kurekebisha laini ya yule karani, nilikuta maungio ya waya yameota kutu ya kijani. Nikayasugua, nikayafunga upya, sauti ikawa safi. Nikarudi kwa Msimamizi kifua mbele.

"Nimeipunguzia uchovu, mzee."

"Vizuri. Lakini mlima uko palepale," akasema, na mimi nikatikisa kichwa.

Jioni nilisoma. Hili nataka vijana mlishike. Kazi ilikwisha saa tisa na nusu, na saa kumi na moja nilikuwa darasani, kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, nimekaa dawati moja na mama muuza maandazi na polisi mmoja wa usalama barabarani. Miaka minne. Nilifaulu Kiswahili, Kiingereza, jiografia na hesabu. Fizikia nayo ningeifaulu, lakini mwalimu wetu alihamishwa wiki ileile tuliyokuwa tunaanza mada ya umeme, na hakuletwa mwingine. Kwa hiyo elimu yangu ya umeme ilibaki ile ya Msimamizi. Mwishoni nikaongeza kozi ya kompyuta, kwenye chumba chenye kompyuta mbili na wanafunzi kumi na sita. Zamu yako ikifika unaandika jina lako, unalifuta, unampisha mwenzako.

Kisha likaja soko huria. Vijana wa leo mnalisoma vitabuni. Sisi tulilisikia likisomwa uwanjani. Mkuu wa Kituo alitukusanya chini ya bendera, akafungua karatasi, akasoma majina ya wanaopunguzwa kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia. Langu lilikuwa la kumi na moja. Nilirudi nyumbani na vyuma vyangu vya kupandia nguzo begani, mke wangu akaviona akaelewa bila kuuliza. Miezi saba nililima mahindi, na mahindi yenyewe yalijua kwamba anayeyalima mawazo yake yako juu ya nguzo.

Lakini soko huria lililofunga mlango mmoja lilifungua mwingine, maana kampuni za watu binafsi zilianza kuleta mawasiliano ya kompyuta mikoani. Moja yenye makao Tanga ilitafuta fundi. Nikapanda basi nikaenda. Aliyenihoji alikuwa Mkuu wa Ufundi, mhandisi mwenye miwani minene na tabia ya kuuliza maneno machache.

"Shahada?"

"Cheti, mzee. Cha masomo ya jioni."

"Jioni gani?"

"Jioni zote, mzee. Miaka minne."

Akacheka hadi akavua miwani. Akasema, "Wenye shahada ninao watatu, na wote wanaogopa nguzo. Njoo Jumatatu."

Tanga nilifundishwa kazi ya ruta kwa wiki sita. Nieleze ruta ni nini kwa wasioijua. Ni kisanduku kinachokaa kwenye njia panda ya mawasiliano. Barua za kompyuta husafiri zikiwa zimekatwa vipande vipande, na kila kipande kina anwani yake. Ruta husoma anwani na kukisukuma kipande upande unaostahili. Haina kioo wala vitufe vya kuandikia. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya, unaiandikia amri mstari kwa mstari, nayo inatii. Ukikosea herufi moja inakuwekea alama ndogo chini ya kosa, kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Na ukimaliza lazima uiamuru ihifadhi ulichoandika, la sivyo umeme ukikatika inasahau yote na unaanza kama mtoto mchanga.

Kampuni ilikuwa inafungua kituo Handeni. Kati ya Handeni na Korogwe tulikodi laini moja ya kudumu, nyembamba sana. Simu zenu za mfukoni za leo zingeicheka. Nyembamba maana yake ni kwamba kwa sekunde moja hupita vipande vichache tu. Vikija vingi, vinapanga foleni. Dawa yake iliitwa laini ya akiba. Hii ilikuwa laini ya simu ya kawaida, yenye modemu, kile kisanduku kinachogeuza lugha ya kompyuta kuwa milio inayoweza kupita kwenye waya wa simu. Siku za kawaida laini ya akiba hulala. Mzigo ukizidi, ruta ya Handeni hupiga simu yenyewe kwa ruta ya Korogwe, njia ya pili inafunguka, na vipande vinagawana njia mbili. Mzigo ukipungua, ruta inakata simu.

"Kwa nini tusiiache wazi siku zote, mzee?" nilimuuliza Mkuu wa Ufundi.

"Kwa sababu simu inalipiwa kila dakika inapokuwa hewani. Laini ya akiba si bomba la mtaa."

Siri yote ilikuwa kwenye vizingiti viwili. Unaiambia ruta: mzigo ukifika asilimia hii, fungua, ukishuka hadi asilimia hii, funga. Mara ya kwanza niliandika ifungue kwenye sitini na ifunge kwenye hamsini na tano. Nikajiona mjanja, mtu wa kubana matumizi. Modemu ikaanza kazi: inapiga, inakata, inapiga, inakata, kama mlango wa choo kwenye nyumba ya harusi. Mkuu wa Ufundi akasimama nyuma yangu, akahesabu hadi mara tisa.

"Mhina, ukimwita mtu aje kukusaidia kubeba gunia, unamfukuza likinyanyuka kidogo tu?"

"Hapana, mzee."

"Acha nafasi. Fungua kwenye sitini, funga kwenye kumi."

Nikaandika hivyo, modemu ikatulia, nami nikapelekwa Handeni.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja mtaani Chanika, palepale mjini Handeni, nyuma ya duka la Mama Zaituni. Mama Zaituni alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyoweza kusimamisha lori, na ndiye mteja wetu mkubwa. Alikuwa amefungua kituo cha intaneti chenye kompyuta sita, cha kwanza mjini. Kabla ya kufungua nilijaribu kila kitu. Nilituma faili kubwa kutoka Handeni kwenda Korogwe, mzigo ukapanda, modemu ikalia kama paka wawili ndani ya debe, njia ya pili ikafunguka. Nikampigia Mkuu wa Ufundi kumwambia kwamba Handeni iko tayari kuhudumia bara zima la Afrika.

Siku ya mnada ikafika. Mnada wa Handeni mnaujua: wafugaji wanakuja na ng'ombe, wachuuzi na mabati na mitumba, wakulima wanashuka na mihogo na kuku, na mji unavimba mara tano. Kufikia saa nne kompyuta zote sita zilikuwa na watu watatu watatu. Na saa nne na robo kila kioo kilikuwa cheupe. Ukurasa haufunguki. Barua haifunguki. Mimi nikakimbilia chumbani kwangu kuisikiliza modemu. Kimya. Laini ya akiba ilikuwa imelala usingizi wa mtu aliyeshiba futari.

"Fundi!" Mama Zaituni aliniita, na nina hakika Korogwe walimsikia bila simu. "Hii ndiyo bara zima la Afrika?"

"Inakuja, mama. Subira."

"Subira wanayo wenye nafasi. Mimi nina watu mpaka mlangoni."

Miongoni mwao alikuwa Mzee Lemburis, mfugaji wa Kimaasai, mrefu, mtu mzima. Binti yake alikuwa anasomea uuguzi Mwanza, na alikuwa amekuja asomewe barua ambayo binti ameituma kwa anwani ya Mama Zaituni. Siku hiyo alisubiri tangu saa nne hadi adhuhuri, ameegemea fimbo.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Barua yangu iko wapi?"

"Iko njiani, mzee. Unajua, kutoka Korogwe kuja huku ni kupanda. Inachoka."

Akanitazama kutoka juu hadi viatuni. "Ng'ombe wangu ametoka Kiteto kwa miguu, hajachoka. Barua ambayo haina hata miguu imechoka kutoka Korogwe?"

Kituo kizima kilicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikarudi kwa modemu yangu.

Mnada uliofuata, hali ileile. Jumatatu yake simu ya Tanga ikalia.

"Mhina. Mteja wako amenipigia. Sina haja ya kukurudia maneno yake."

"Naweza kuyakisia, mzee."

"Mnada ujao nitakuja mwenyewe. Nikikuta foleni kwenye njia na akiba imelala, kituo cha Handeni nakifunga siku hiyohiyo. Na fundi wa kituo kisichokuwepo hana kazi. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Nilikuwa nimeshasomwa jina uwanjani mara moja. Sikutaka kulisikia mara ya pili. Mke wangu alikuwa ameshahamia Handeni na watoto, na yule mkubwa ameanza shule, amevaa soksi nyeupe za kwanza katika ukoo wetu. Siku sita zilikuwa mbele yangu.

Siku ya kwanza nilifanya nilichokijua: nilipanda nguzo. Nilifuata laini kutoka mjini, nikakagua maungio, nikasugua yaliyokwisha kusuguliwa. Siku ya pili nikaketi kuandika barua rasmi, kwa heshima na taadhima, nikipendekeza nguzo za upande wa Korogwe zibadilishwe ziwe ndefu zaidi ili kupunguza mwinuko. Msinitazame hivyo. Niliichora kabisa, na rula. Niliipeleka kwa Mama Zaituni aichapishe, akasema wino wa printa umeisha mpaka Alhamisi. Hadi leo namshukuru Mungu kwa wino ule.

Siku ya tatu, sina barua wala nguzo ya kupanda, nikafungua kompyuta na kuiuliza ruta habari zake. Kuna amri ambayo ukiiandika, ruta inakueleza hali ya kila mlango wake: umefunguka au la, makosa mangapi, na mzigo kiasi gani. Mzigo wenyewe inauandika kwa mafungu ya mia mbili hamsini na tano, kwa hiyo asilimia sitini yetu kwake ni mia na hamsini na tatu. Kwa nini waliotengeneza hawakuridhika na mia, waulizeni wao. Nilikuwa nimeyanakili matokeo ya siku ya mnada kwenye daftari la shule la mwanangu. Nikayasoma upya, taratibu, kwa kidole.

Kulikuwa na namba mbili, si moja. Mzigo unaotoka Handeni: thelathini. Mzigo unaoingia Handeni: mia mbili na hamsini.

Nikashika kichwa. Barua zinazoshuka kwenda Korogwe ni nyepesi, zinateleza. Zinazopanda kuja Handeni zimejaa waya mzima, zinahema. Msimamizi wa Laini, popote ulipo, ulisema kweli! Kisha nikafungua amri nilizoiandikia ruta, nikasoma ile ya vizingiti, na hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilikuwa nimeiamuru ipime mzigo unaotoka peke yake. Siku ya majaribio nilituma faili kutoka Handeni, likatoka, ikaliona, ikafungua. Siku ya mnada mzigo wote ulikuwa unaingia, na ruta ilikuwa inatazama upande mwingine, inaona thelathini, inasema moyoni leo kumetulia.

Kama zinazopanda ndizo zinazochoka, nikajiuliza, kwa nini mimi napima zinazoshuka?

Neno moja tu. Nilifuta neno la kutoka, nikaandika neno la pande zote mbili: pima kunakotoka na kunakoingia, penye mzigo mkubwa ndipo pa kufuata. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena. Mara ya tatu nikahifadhi kwa ajili ya watoto. Kisha nikamwomba karani wetu wa Korogwe anitumie faili kubwa, nikakaa na saa mkononi. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya nne na ushei, modemu ikalia.

Furaha, lakini nusu. Dakika nne na ushei siku ya mnada ni sawa na mwaka. Nikapekua kijitabu cha mafunzo, nikakuta jambo ambalo wenye shahada huenda walilijua tangu utotoni: ruta haipimi mzigo wa sasa hivi, inapima wastani wa dakika tano zilizopita. Yaani foleni ikianza, yeye bado anakumbuka utulivu wa mwanzo. Unaweza kumfupishia kumbukumbu hadi sekunde thelathini. Nikamfupishia. Nikajaribu tena, na mara hii modemu ililia kabla sijamaliza kukuna shingo.

Siku ya mnada Mkuu wa Ufundi alifika na gari la kampuni, vumbi hadi kwenye miwani. Alikataa chai. Alikataa hata kiti. Akaingia chumbani kwangu akasimama mbele ya ruta, mikono nyuma, kama daktari aliyekuja kuthibitisha kifo. Kwa upande wa pili wa ukuta tulisikia kituo kikijaa: viti vinaburutwa, watoto wanakanywa, Mama Zaituni anapanga watu kwa sauti.

Saa nne. Saa nne na dakika tano. Namba ya kuingia ikaanza kupanda: mia, mia na thelathini, mia na arobaini. Mkuu wa Ufundi akageuka kunitazama. Mia na sitini.

Na modemu ikalia. Nimesikia kaswida, nimesikia bendi za harusi, nimesikia kilio cha kwanza cha watoto wangu wanne. Sijawahi kusikia muziki kama ule. Paka wawili ndani ya debe! Taa ya mlango wa pili ikageuka kijani, namba ya mlango wa kwanza ikashuka, na kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika "aaah" moja ya watu wengi kwa pamoja, kama mpira umegonga wavu.

"Imefunguka!" mtu alipiga kelele. "Ya kwangu imefunguka!"

Mkuu wa Ufundi akavua miwani, akaifuta vumbi, akavaa tena, akatazama taa.

"Umefanyaje?"

"Nimeiamuru ipime na zinazoingia, mzee. Nilikuwa nimeiachia zinazotoka tu. Na wastani nimeufupisha, sekunde thelathini."

"Sawa kabisa."

"Asante, mzee."

"Nani amekufundisha?"

Nilitaka kumtaja Msimamizi wa Laini na mlima wake, lakini alikuwa ameshatoa kalamu anaandika kwenye daftari lake kwamba Handeni inaendelea, na mwenye akili hamkatizi mkubwa anapoandika jambo jema. Nikasema, "Kijitabu, mzee." Hapo ndipo alipoomba chai.

Mzee Lemburis alisomewa barua yake siku hiyo bila kusubiri hata kumaliza kujitambulisha. Binti alikuwa amefaulu mitihani ya mwaka wa kwanza. Mzee akaja mlangoni kwangu, akainama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi.

"Fundi, leo haikuchoka."

"Nimeiongezea njia, mzee."

"Ndiyo. Hata ng'ombe ukiwapitisha lango moja wanakanyagana." Akacheka, akanipa mkono, na mkono ule niliusikia hadi jioni.

Kituo cha Handeni hakikufungwa. Baada ya mwaka Mkuu wa Ufundi alinituma niweke mpango uleule Korogwe, kisha Lushoto, na kila nilikokwenda niliambiwa: fanya kama Handeni. Wale watatu wenye shahada walinipigia simu kuniuliza habari za vizingiti. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara ya pili nilipewa meza yenye droo inayofunga kwa ufunguo, ingawa sikuwa na kitu cha kufungia isipokuwa vitumbua. Baadaye ikaja minara, zikaja nyaya za kioo zinazopitisha mwanga, na laini yetu nyembamba ikafunguliwa kutoka kwenye nguzo ikakunjwa kama kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwepo ikikunjwa. Sikulia, ila jicho lilinisumbua kidogo, vumbi.

Sasa nimestaafu. Nina michungwa yangu nje ya mji, na jioni nawaambia wajukuu habari za ruta hadi wanasinzia. Kazi yetu ilinifunza kwamba vifaa havina kiburi. Kifaa hakijui umesoma mchana au jioni. Kinataka kujua umeandika nini. Ilinifunza pia kusoma namba zote mbili hata kama ya kwanza inakupendeza. Na vijana wengi wamepita mikononi mwangu. Wote niliwafundisha vizingiti, niliwafundisha wastani, na wote niliwafundisha habari ya mlima, jinsi vipande vinavyochoka vikipanda kutoka Korogwe. Waliitikia "Ndiyo, mzee," kwa adabu sana. Mmoja alikuwa akishikwa na kikohozi kila nikifika hapo, nikamshauri apunguze vumbi.

Wiki iliyopita, nikiwa nimekaribia kumaliza kuandika kumbukumbu hizi, nilizipeleka kwa Mama Zaituni anisikilizie, kwa kuwa mambo mengi yalitokea nyuma ya ukuta wake. Siku hizi anauza madaftari na kutoa nakala, na sauti iko vilevile. Nikamsomea. Alicheka kwa Mzee Lemburis, alikubali habari ya wino. Nilipofika pale namba ya kuingia ilipokuwa mia mbili na hamsini, nikamweleza kwa kirefu mlima ulivyofanya kazi yake, akaweka chini mkasi.

"Mhina, watu wangu walikuwa wanakuja kufanya nini pale kwangu?"

"Kufungua kurasa. Kusoma barua."

"Kuandika je?"

"Mmoja mmoja. Mistari miwili, mitatu."

"Basi. Walikuwa wanapokea kuliko walivyotuma. Ndiyo maana vilivyoingia vilikuwa vingi kuliko vilivyotoka. Vingekuwa vingi hivyohivyo hata Handeni ingekuwa bondeni na Korogwe ingekuwa juu ya mlima. Waya hauna kupanda wala kushuka, baba."